Gunia la Kasa

Askari wa hifadhi alipomwona kasa amelazwa chali mashuani, kati ya miguu yetu, alisahau kutuuliza tumetoka wapi.

"Huyu ni ng'amba," akasema. "Duniani kote wamebaki wachache."

Tulikuwa tumekimbia Chovai baada ya wenye bunduki kuingia kisiwani, tukaelekea Kenya. Kasa tulimnasa njiani, tukamweka hai ili nyama isioze. Chakula kingine hatukuwa nacho, na maji yalikwisha jana.

Askari akamfunika kasa kichwa kwa gunia letu, akafungua chupa yake, akalilowesha kwa maji ya kunywa. Kisha wenzake wakamwinua polepole, wakamrudisha baharini. Gunia likabaki.

"Nyinyi ngojeni humo humo. Hatujapewa ruhusa ya kuwashusha."

"Na siswi wa Chovai tumesalia wangapi, mwanangu?" akauliza Bimkubwa, aliyempakata mjukuu wake.

Askari alikuwa akimtazama kasa anavyozama.

Bimkubwa akaliokota lile gunia. Akamfungua mtoto mdomo kwa kidole, akalikamua. Matone yakatua juu ya ulimi, yakabaki hapo hapo.