Nusu Sentimita

Saa kumi na dakika kumi alasiri, maji yalipanda tena. Trevor Haslett alikuwa chini ya gari la mteja pale gereji simu ilipolia mfukoni. Aliisoma akiwa amelala chali. Maji ya tangi lake la samaki yalikuwa yamepanda nusu sentimita, na hakuna aliyeyaongeza.

Nusu sentimita si kitu kwa watu wenye akili zao. Trevor hakuwa mmoja wao, maana alikuwa na matumbawe hai sebuleni. Tangi alilijenga kwa mikono yake, lenye urefu wa kitanda na kimo cha benchi, ili akiketi kochini awaone samaki kutoka juu. Kwa ajili ya tangi hilo hakuwa ametoka mjini kwao Townsville kwa miaka sita. Matumbawe joto likizidi yanakufa, chumvi ikipungua yanakufa, na yakikosa sababu yanakufa kwa kununa tu.

Sasa binti yake alikuwa anatarajia kujifungua mwezi wa Machi, huko Hobart, mbali kusini, safari ya ndege, na Leanne, mkewe, alikuwa ameshasema neno la mwisho.

"Tununue mashine ya kuliangalia, au tangi liuzwe. Mjukuu wangu wa kwanza siendi kumpokea peke yangu kama mjane."

Mwenye duka la samaki akawaazima mashine kwa wiki mbili, waijaribu kwanza. Ilipima joto, chumvi na kimo cha maji, ilijua kuwasha hita na kuzima pampu, na kila ilichokiona ilikituma kwenye simu. Bei yake ilimfanya Trevor akohoe. Ikiaminika, angelipa. Isipoaminika, kulikuwa na daktari mmoja wa meno aliyekuwa akilimezea mate tangi hilo tangu mwaka jana.

Ajabu, aliyeipigia debe zaidi mashine hiyo alikuwa mama mkwe. Beryl aliishi nao, na kwa muda mrefu tangi aliliita bwawa la mbu. Tangu Krismasi alikuwa amelipenda ghafla. Aliomba hata upande wa kochi uachwe mchanga mtupu, bila mawe, eti samaki wapate pa kupumzika. Trevor aliguswa moyo, akayahamisha mawe siku hiyohiyo.

"Hiyo mashine," Beryl aliuliza ilipofungwa, "inaweza kupandisha joto mpaka nyuzi ishirini na tisa?"

"Mama, utayapika matumbawe."

"Saa kumi tu. Nusu saa."

"Hata dakika moja."

"Na inapiga picha?"

"Haipigi."

"Basi nunua, mwanangu. Hiyo ndiyo mashine."

Lakini siku ya pili tu maji yakapanda. Siku ya tatu yakapanda tena, saa ileile, yakakaa juu nusu saa, kisha yakashuka. Trevor alisafisha kihisio, kile kidude cha kupima kimo. Akakibadilisha. Mwenye duka akamwambia ni chumvi imeganda, naye akaondoa chumvi kwa mswaki wake mwenyewe wa meno. Maji yakapanda.

Siku ya tano alipiga simu nyumbani. Mchana Beryl alibaki peke yake, akiyalaani magoti yake pamoja na yavuyavu wa baharini wenye sumu, waliofanya watu wakatazwe kuingia majini ufuoni tangu Novemba.

"Mama, hebu liangalie tangi."

"Naliangalia."

"Liangalie kwa karibu."

"Mwanangu, karibu kuliko hapa sijui niingie wapi."

"Mbona nasikia maji yakichapwa?"

"Samaki hao. Wamefurahi."

Alhamisi peke yake kimo kilitulia. Siku hiyo Beryl alikuwa kwenye klabu yake ya wazee wanaocheza matufe kwenye nyasi, na alirudi na kombe. Mwezi uliotangulia alikuwa hawezi kuinama kuokota tufe. Wenzake walimzingira kumuuliza siri, akawaambia ni dawa ya maji. Trevor alimpongeza, lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye tangi.

Siku ya kumi na nne ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Trevor aliomba ruhusa atoke mapema, akampitia Leanne kazini. Alikuwa ameamua. Ataing'oa mashine, airudishe dukani, kisha ampigie simu daktari wa meno.

"Na wakikuletea nyingine mpya?" Leanne aliuliza. Naye sasa alikuwa anamwonea huruma.

"Ya nini? Mashine inaota mchana. Ukiiachia nyumba, si itakuambia sebuleni pamepita nyangumi?"

Simu ikalia. Saa kumi na dakika kumi. Trevor akampa Leanne aisome.

"Inasema yamepanda sentimita mbili na nusu."

"Unaona? Sasa imerukwa na akili kabisa."

Walicheka mpaka nyumbani, cheko la watu waliofiwa. Trevor aliiandaa bisibisi, akafungua mlango wa sebule.

Kwenye ukingo wa tangi, juu ya taulo zake nzuri, walikuwa wameketi Beryl na bibi wenzake wanne wa klabu ya matufe, magauni yamekunjwa mpaka mapajani, vikombe vya chai mikononi, miguu kumi mchangani. Kamba wadogo wawili wa tangini walikuwa wakimsafisha Beryl kucha.

"Funga mlango, upepo unaingia," alisema Beryl bila kutoa mguu. "Nendeni Hobart kwa amani, tangi halitakosa watu, na hiyo mashine tumeshaichangia pesa. Ila iambie iache umbea."