Baiskeli Isiyo na Karia

Mwenyekiti wa klabu aliinyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, akaiweka mbele ya Mzee Kweka. Mzee akaizunguka polepole, akapapasa nyuma ya kiti.

"Karia iko wapi?"

"Za mashindano hazina karia, Babu," mjukuu wake wa kike alisema, akicheka.

"Yangu ilikuwa nayo, na niliwaacha wote."

Watu waliojaa pale kwenye uwanja wa Downsview, Toronto, walikuwa wamekuja kumwona Mwafrika wa kwanza kutwaa kombe la mbio za baiskeli huko Moshi, enzi za Waingereza. Hawakujua kwamba siku ile alikataa kubebwa mabegani. Alikwenda moja kwa moja kwa binti aliyesimama kwenye uzio, akamzungusha uwanja mzima, binti amekaa upande kwenye karia, amemshika kiunoni. Binti huyo ndiye aliyekuja kuwa mkewe. Walimzika hapa Toronto, theluji ikiwa bado haijayeyuka.

Mzee alipanda. Mguu mmoja akaubakiza chini, kama mtu anayesubiri uzito utulie nyuma yake.

"Twende basi, Babu."

"Subiri kwanza."

Akageuza shingo kidogo.

"Umekaa vizuri?"