Hatukuachi, Mama

Kwa siku ya tatu mfululizo Mama Mwiko aliunguza maharage, na kwa siku ya tatu mfululizo hakuna mteja aliyelalamika. Walitafuna kimya, vichwa wameinamisha, kama watu walio msibani. Fundi saa, ambaye kibanda chake kilipakana na mgahawa ule, ndiye aliyenyanyua sahani kwanza.

"Niongeze, mama."

"Yameungua, fundi."

"Yaliyoungua kwako ni matamu kuliko yaliyoiva kwao."

Kwao ni ng'ambo ya barabara. Hapo palikuwa pamefunguliwa mkahawa mkubwa, wenye vioo kutoka chini hadi juu, viyoyozi, na wahudumu waliovaa kofia za rangi moja. Kampuni yake ilikuwa na matawi katika miji kumi na mitano, na chakula cha tawi moja hakikupishana na cha jingine hata kwa punje ya chumvi.

Fundi saa alikuwa amekula kwa Mama Mwiko miaka ishirini. Alikula pale siku aliyooa, akala pale siku aliyomzika mkewe, na siku hiyo Mama Mwiko alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo wale wa ng'ambo walipotundika kibao chao, aliapa kwamba mgahawa huu hautafungwa yeye akiwa hai. Akazunguka mtaa mzima, kwa kinyozi, kwa washonaji, kwa makarani wa posta.

"Mwenye matawi kumi na matano atakujua wewe nani?" aliwauliza. "Mama Mwiko anajua nani hali vitunguu. Wakimmaliza huyu, siku ukiugua nani atakuletea uji?"

Watu waliona haya, wakarudi. Kinyozi alifumaniwa akitoka kule na paja la kuku mfukoni, mafuta yamemchora ramani kwenye shati. Wiki nzima hakuna aliyempelekea kichwa, mpaka alipokuja mwenyewe kuomba radhi mbele ya wateja.

Aliyekuwa baridi katika vita hivi ni Mama Mwiko peke yake.

"Lakini kule si kuna ubaridi mzuri?" alisema siku moja akipangusa meza. "Si mngekuwa mnakwenda hata mara mojamoja?"

"Mnamsikia?" Fundi saa aliwageukia wenzake, machozi yakimlengalenga. "Moyo gani huu jamani!"

Magoti ya Mama Mwiko yalikuwa yamevimba kama maboga. Alisimama jikoni tangu alfajiri, siku saba kwa wiki. Kuna asubuhi alibandika karatasi mlangoni kwamba atafunga kwa wiki moja. Kabla ya saa nne fundi saa alikuwa ameshaibandua. Kinyozi akaja kuosha vyombo, washonaji wakamenya viazi, na karani mmoja akaleta kigoda ili mama akoroge sufuria huku ameketi.

"Hatukuachi, mama," walimwambia.

Mama Mwiko alikitazama kigoda kwa muda mrefu, halafu akakikalia.

Mchana mmoja, watu wakiwa wanakula, alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu akavuka barabara. Vijiko vilibaki hewani. Kupitia vile vioo walimwona akiingia ofisini kwa meneja, na huko alikaa karibu saa nzima.

"Kaenda kuwapa vidonge vyao," alisema kinyozi.

Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia, tena umependeza kama wa mtu aliyetua mzigo. Alimfuata fundi saa mezani.

"Fundi, nina jambo nataka nikwambie. Sijui hata nianzie wapi."

"Usianze, mama. Najua. Wamekutisha."

"Hapana, siyo hivyo, mimi ndiye..."

"Hatukuachi!" Fundi saa alisimama, akagonga meza. Mgahawa mzima ukaitikia, "Hatukuachi!"

Mama Mwiko aliwatazama mmoja mmoja. Akafumba mdomo, akarudi jikoni.

Kesho yake ndipo maharage yalipoanza kuungua.

"Ni mawazo," fundi saa aliwaeleza wenzake. "Sasa ndiyo wakati wa kukaza kamba."

Wakakaza. Kila mchana walijipanga mbele ya milango ya vioo, na kila aliyetaka kuingia walimsalimia kwa adabu, wakamshika mkono, wakamvusha barabara. Kule ng'ambo wahudumu wakawa wengi kuliko wateja, kisha wahudumu nao wakapungua. Ijumaa moja mafundi walikuja na ngazi, wakakishusha kile kibao.

Mtaa ulilipuka kwa vifijo. Fundi saa aliongoza msafara hadi kwa Mama Mwiko, ambako walimkuta ameketi, amejifunika uso kwa aproni, analia kwa kwikwi. Nao wakalia. Kinyozi alilia kuliko wote.

Walikuwa wangali wanapongezana meneja wa ng'ambo alipoingia, begi begani. Hakuna aliyemwamkia. Fundi saa alimpisha kwa madaha, kama jemadari anayempisha mateka.

Meneja alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mwiko, akainama, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, mama yangu," alisema. "Na Jumatatu hii ndiyo ungeanza kazi kwetu, mpishi mkuu, siku tano kwa wiki, na matibabu ya magoti juu yetu. Na jinsi ulivyotusihi tukuchukue!"