Kijiko Kimoja kwa Siku

Jumamosi jioni Mwalimu Wangechi alilizika kopo nyuma ya migomba. Jumapili, kabla ya kanisa, alikuwa amepiga magoti pale pale akilifukua kwa mikono, gauni lake zuri limejaa udongo mwekundu wa Mukurweini.

Lilikuwa kopo la mwisho la siagi ya njugu aliloletewa na kaka yake, Ngatia. Kulila hakuweza. Kulitupa pia hakuweza. Alilirudisha kabatini, na kila alipopita jikoni alihisi linamtazama. Kuna nyakati alimsikia Ngatia kabisa, na ule utani wake wa lafudhi ya kwao: "Ramba kijiko, mwarimu."

Ngatia alikuwa ardhini tangu mvua za masika. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili. Za Wangechi zilikuwa nzima, na zingemfaa. Madaktari wa Nyeri walithibitisha, ila wakaweka sharti moja. Mwalimu apungue kwanza. Kwa unene ule hawangethubutu kumpasua.

"Sitaki figo yako," Ngatia alimwambia siku ile.

Wangechi alilia, akafoka, akaapa hatatia kitu mdomoni mpaka akubali. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, hata marehemu mama yao. Ngatia akaacha kubishana. "Haya. Punguza basi."

Miaka ya nyuma mama yao alikuwa ameingia chumba cha upasuaji kutolewa mawe ya nyongo. Aliingia akitembea mwenyewe, akiwaagiza wasimmalizie githeri yake. Ngatia ndiye aliyemsihi akubali. Jioni walikabidhiwa viatu vyake.

Basi Wangechi akaacha chapati, akaacha soda, akaacha hata chai ya maziwa, na kwa mtu wa Mukurweini hilo ni kama kuacha dini. Alipanda kilima cha shule kwa miguu huku vijana wa bodaboda wakimcheka. Starehe moja tu ndiyo aliyobakishiwa. Adhis, mtaalamu wa lishe pale hospitalini, alimwambia njugu zina mafuta mazuri, hayaudhi moyo, tena yanashibisha.

"Lakini kijiko kimoja kwa siku, madam," alimwonya. "Mafuta mazuri bado ni mafuta."

Ngatia aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa njugu. Hata hivyo, kila alipotoka kusafishwa damu alipitia kwa msagaji wa njugu karibu na soko la Nyeri, akarudi uso umemvimba na kopo kwapani. Siagi yake ilikuwa tamu na nzito, na baridi ya asubuhi iliigandisha mpaka kijiko kikasimama wima. Alimchotea dada yake kwa mkono wake, kijiko kikiwa na mlima. Alimpikia uji pia, na sukumawiki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda nyumbani.

Mizani haikushuka. Ilipanda.

"Imesema nini?" Ngatia alikuwa akiuliza kila Wangechi aliporudi kutoka kupimwa. Akishaambiwa, aligeukia ukutani, na baada ya muda mfupi alikuwa amelala fofofo. Wangechi aliona ni ujasiri. Alikuwa akitoka nje kulia ili asimwamshe.

Ngatia alikufa akingoja.

"Ni mdomo wangu umemzika," Wangechi aliwaambia waombolezaji. Walimwambia anyamaze, amwachie Mungu. Lakini aliyaona macho yao yakishuka kiunoni mwake, na tangu siku hiyo hakujitazama tena kwenye kioo.

Jumatatu alilitia kopo mkobani, akaenda kwa Adhis.

"Niambie ukweli," alisema. "Ni hii ilimuua kaka yangu?"

Adhis alifungua kifuniko, akanusa. Akalipindua kopo juu chini. Hakuna kilichosogea.

"Madam, ulikuwa unakula kijiko ngapi?"

"Moja. Naapa na kaburi yake. Moja."

"Basi kuna kitu hapa. Mafuta ya njugu haigandi hivi, ingekuwa imeelea juu. Hii mlisagiwa wapi?"

Wangechi alinyakua kopo lake. Damu ilikuwa imempanda kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa amepata mtu mwingine wa kulaumu, na hilo lilimtia nguvu za kukimbia, yeye mwalimu mnene, kuteremka hadi sokoni.

Msagaji alikuwa mama mzee aitwaye Wamucii, kitambaa kichwani, nyusi nyeupe kwa vumbi la njugu. Wangechi alilitua kopo kwa kishindo mbele ya wateja.

"Ulikuwa unawekea kaka yangu nini ndani ya njugu?"

Wamucii alizima mashine. Alilitambua kopo. Kisha akamtazama Wangechi kuanzia kichwani hadi viatuni, polepole, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na mgeni aliyesimuliwa habari zake siku nyingi.

"Kumbe ni wewe mwarimu! Na Ngatia ako wapi siku hizi? Mimi siwekangi kitu, mami. Mafuta ya kupika, ile ya kuganda, alikuwa anakuja nayo mwenyewe, mkebe mzima, anamwaga na mkono yake. Mpaka nikamwambia, wewe, utanenepesha dada yako bure. Akacheka tu. Akaniambia, 'Wacha anenepe, cucu. Akikonda, watampasua.'"