Pua ya Kaisari

Pua ya sanamu ya Kaisari ilidondoka asubuhi ileile Kaisari alipokuwa akija kuitazama. Binti wa mchonga sanamu aliigonga kwa mpini wa ufagio, ikavunjika vipande vipande. Haraka haraka akafinyanga nyingine kwa unga wa mkate uliokandwa, akaibandika, akaipaka chokaa.

Kaisari akaingia, akaisogelea. Unga ulikuwa umeumuka. Pua ilikuwa nene kama kiazi.

Baba mtu akafumba macho.

"Miaka yote wananichongea pua ya mtu mwingine," Kaisari alisema, akiipapasa yake, nene vilevile. "Nani kaichonga hii?"

"Mimi, Bwana Mkubwa," binti akajibu.

Kaisari akacheka mpaka machozi, akaondoka akipiga mluzi.

Baba akashusha pumzi, akamkumbatia bintiye.

"Baba, niachie," binti alisema. "Bado inaumuka."