Sabuni kwenye Sinki la Mkurugenzi

Mkaguzi wa hesabu alirudi kutoka msalani na kipande cha sabuni kiganjani, bado kinachuruzika maji.

Tulipokinunua kiwanda hiki cha sabuni, sehemu kubwa ya bei ililipia jina lake. Baba, mkurugenzi, alitaka thamani ya jina hilo ibaki vilevile vitabuni, isipunguzwe hata senti. Benki ilikuwa inasubiri hesabu hizo ndipo itukopeshe.

“Watu bado wanaliamini jina letu, mama,” alikuwa amemwapia mkaguzi muda mfupi tu uliopita.

Sasa mkaguzi alikiweka kipande mezani. Kilikuwa kimelika, lakini jina la wapinzani wetu lilisomeka hata bila miwani.

“Mkurugenzi, kwenye sinki lako mwenyewe?”

Baba alitokwa na jasho shingoni. “Si yangu hiyo. Ni ya huyu binti yangu, mhasibu. Yeye ndiye anayenawa nayo.”

Akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mkaguzi alinigeukia. “Hebu lete mkono, mwanangu.”

Nilijua angenusa nini. Tangu asubuhi viganja vyangu vilikuwa vinanukia karafuu, harufu ya sabuni yetu.

Nikampa mikono yote miwili.