Mteremko wa Bonge

Kileleni mwa mlima, Bonge aliondoa vidole kwenye breki, kimoja kimoja, kama anayefungua vifungo vya blauzi baada ya kazi.

Kuogelea kulikuwa kumekwisha, kukimbia bado. Kuupanda mlima kwa baiskeli ndiko kulikomtoa jasho, na wembamba wote walimpita. Wa mwisho kumpita alikuwa mdogo wake wa kiume, aliyemwandikisha kwenye mashindano haya ya michezo mitatu kwa utani.

"Pole pole ndiyo mwendo, dada," alisema bila kuhema. "Nitakusubiri kwenye soda."

Sasa Bonge aliiona fulana ya njano ya mdogo wake huko chini. Alikuwa amejikunyata, breki zikilia. Mtu mwepesi upepo humyumbisha.

Bonge hakuyumba. Miaka yote lifti, viti vya plastiki na mashangazi walimsimanga kwa kilo zake. Mteremko haukuuliza kitu, ulizipokea zote. Magurudumu yakaanza kuunguruma. Mashavu yakatikisika, tumbo likatulia juu ya mapaja, naye akajikuta anacheka mdomo wazi mpaka mdudu akaingia. Akamtema, akaendelea kucheka.

Mdogo wake alisikia mngurumo nyuma, akadhani ni gari la wasimamizi. Akasogea ukingoni mwa barabara na, bila kugeuka, akapunga mkono kama mtu anayeruhusu lori lipite.

Bonge akapita.

"Soda yako," alipaza sauti, "niagize ya baridi?"